Unyumba

Waliitoa Jumanne, kabla ya chai ya saa nne,
nyumba walimolala Zuhura, kisha Heri,
na wawili ambao hawakungoja kupewa majina.
Nesi Eilidh alisoma karatasi:
wiki sita. Usinyanyue birika lililojaa.
Usisukume kabati. Usi—
akamtazama Shekue, akakohoa.
Shekue akatazama viatu vyake.

Dundee ilikuwa imeganda hadi kamba za nguo.
Mto mmoja dirishani, wa kijivu, ukienda baharini,
mto mwingine tumboni, nikiubana kila nilipocheka.
Usiku nilifikiri maneno.
Nyumba ya mtoto, tunasema.
Na kile kingine tunakiita unyumba.
Ukiitoa nyumba humo, hubaki nini?
Hubaki u,
mdomo umeachwa wazi.

Wiki ya sita ikapita. Ya saba. Ya tisa.
Shekue akitoka zamu ya usiku
alilala ukingoni kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Shangazi akapiga simu kutoka Muheza:
chungu kimerudi jikoni, mwanangu?
Nikamwambia huku gesi imepanda bei.

Sikuogopa maumivu tu.
Niliogopa apige hodi
asikie sauti yake mwenyewe ikimrudia.

Jumamosi akarudi na mfuko:
vitunguu, mkate, na katikati
kitubu cha jeli kutoka duka la dawa.
Yeye asiyeuliza hata njia akipotea,
aliuliza. Mbele ya foleni.
Nikaendelea kuosha mchele
mpaka maji yakawa meupe kuliko yalivyohitaji.

Ukisema basi, ni basi, alisema.
Nikasema basi mara mbili, usiku mbili tofauti.
Akaacha. Akanisimulia habari za basi lililokwama mlimani.
Mara ya tatu nilianza mimi,
polepole, kama anayejaribu swichi
katika chumba alichoambiwa kimekatwa umeme.

Kuna pahala pana ganzi, karibu na mshono.
Kuna pahala sikupajua, na nina miaka arubaini na saba.
Nikatokwa machozi, akashtuka, gizani akauliza:
U salama?
Nikaisikia ile u, iko na mwenziwe.
Salama, nikasema. Usiondoke.

Asubuhi nikajaza birika hadi shingoni,
nikalinyanyua kwa mkono mmoja.
Mboni! akapiga kelele kutoka chumbani,
kana kwamba ameona.