Mita Inayopima kwa Mita

Februari, Tredegar, theluji imegoma kuyeyuka,
nilimkuta mama jikoni amevaa koti,
lile la kutokea, vifungo vyote vimefungwa,
anamenya viazi kwa glavu zilizokatwa vidole.
Bili ilikuwa chini ya birika, imebanwa kama panya.
Pauni mia sita na arobaini na moja. Miezi mitatu.
"Ni mimi," akasema. "Nitakuwa nasahau kuzima."

Hakuwa anasahau.
Chumba cha juu alikifunga Novemba,
sebule akaifunga baada ya Krismasi,
akabaki na jiko na kitanda,
anaishi kwenye nyumba yake kama mpangaji
anayeogopa kukutana na mwenye nyumba ngazini.

Nikaanza upelelezi. Nilizima boila,
nikazima jiko, hata ule mwali mdogo wa buluu
nao nikauua, nikapiga magoti kabatini chini ya ngazi,
nikaikodolea macho mita dakika arobaini.
Tarakimu nyekundu ya mwisho haikutikisika.
Nikapaka povu la sabuni kila kiungo cha bomba:
hakuna kilichopumua.
Nikapitisha mshumaa madirishani. Upepo ulikuwepo, ndiyo,
lakini ni upepo wetu, wa tangu enzi za makaa,
na haujawahi kututoza mia sita.

Ndipo mama akaniambia, sauti chini,
akiuonyesha ukuta kwa kisu cha viazi:
"Idwal."

Idwal Probert wa namba kumi na nne,
aliyebeba jeneza la baba, bega la kushoto.
"Ana bomba humo ukutani. Nalisikia likigugumia usiku."
Tangu mwaka mpya hajamwitikia salamu.
Nami, Mungu anisamehe, niliugonga ukuta
nikautegea sikio.
Nikasikia mtu akikohoa.

Usiku wa tatu niliisoma bili kwa sauti,
mstari kwa mstari, kama mtu asomaye wosia
akitumaini jina lake limo.
Mama alikuwa anashona pindo la pazia, hanisikilizi,
mpaka nilipotamka "futi za ujazo, kwa mamia".
Sindano ikasimama.
"Soma tena."
Nikasoma.

Miaka thelathini na moja alikata vitambaa
kwenye kiwanda cha magauni. Alikuwepo mwaka ule
vipimo vilipobadilishwa, akayaona magauni mia mbili
yakitoka mafupi, yamekatwa kwa yadi
nayo yaliagizwa kwa mita,
na wasichana wawili wakilia getini na vikoba vyao.

Akachukua tochi. Akaingia kabatini na koti lake,
akafuta kioo kwa kiganja.
"Tazama. M, na kitatu kidogo kimempanda begani.
Mita hii inapima kwa mita.
Wao huko ofisini bado wanaihesabu kwa futi,
wanadhani ni lile dude la chuma walilong'oa Septemba."
Moja tuliyochoma, wametulipisha karibu tatu.

Sikumbuki kama tulicheka. Nakumbuka alikaa pale sakafuni,
kati ya ufagio na viatu vya baba,
akasema, "Basi sikuwa nasahau."
Akasema tena. Mara ya pili lilitoka kama swali.

Nilidhani ataenda kuwasha sebule.
Alifungua mlango wa mbele,
saa nne ya usiku, sapatu miguuni, theluji kifundoni,
akapiga hodi namba kumi na nne.

Idwal alifungua amevaa koti,
skafu juu ya koti, blanketi juu ya skafu.
Wakatazamana.
Mafundi wa Septemba walipita mtaa mzima.

Mama hakuomba radhi, maneno hayo humkwama.
Aliinua tochi tu:
"Idwal, mita yako iko kabati gani?"