Mpaka Kumi

Orofa ya nne, Barabara ya Ngong. Umeme umerudi.
Kerubo ananipa faili tatu na chai iliyopoa:
lugha ni moja, anasema, ila kila kituo cha maji
kimeizaa upya kwa mkono wake.

Kabete hufunga sentensi kwa nukta mkato.
Embakasi hawafungi; wakichoka, wanaruka mstari.
Kayole hufungua mabano, wakasahau kuyafunga,
kama mtu aachaye mlango wazi
akijua atarudi sasa hivi.

Nilitaka kuandika vichanganuzi vitatu.
Nikaanza, nikavifuta.
Anayejenga nyumba tatu kwa mgeni mmoja
atazifagia zote tatu kila asubuhi.

Nikaandika sarufi moja yenye masikio.
Ikifika mwisho wa mstari haikatai, inauliza kwanza:
umetoka wapi?
Kama mchuuzi wa Gikomba asikiapo "mbao",
hutazama kwanza mikono yako:
umeshika futi kamba, ama unadai chenji ya ishirini?

Saa nane za usiku miti ikaota kwenye skrini,
mizizi juu, matawi chini,
tokeni kwa tokeni, wala hitilafu hata moja.
Nikamwamsha Kerubo kwa simu. Akasema: hesabu.

Tukahesabu.
"Mpaka kumi", kwa Kabete, ni pamoja na kumi yenyewe.
Kayole huishia tisa, wakasimama mpakani
bila kukanyaga.
Mti ni uleule, tawi kwa tawi, jani kwa jani,
lakini huko Kayole Bi. Nduku wa ploti ya bluu
angelipia mtungi wa kumi
ambao hakuuteka.

Sarufi yangu ilikuwa imesikia kila neno
na haikuelewa.

Basi nikarudi kwenye mzizi.
Kila tawi sasa linabeba kwao,
herufi mbili tu, mfano wa kovu la chanjo begani,
ili hata lipite mikono mingapi, bado lijulikane.
Na neno nisilolijua silitupi, wala silikisii:
naliweka pembeni, na mstari wake, na namba yake,
lingoje mtu wa kulieleza.

Kerubo amesoma, hajasifu.
Ameuliza tu kama Githurai nao wana lahaja yao.

Wanayo.
Imefika leo asubuhi. Haiachi nafasi kati ya maneno.