Mabenchi Yakikwaruza

Bi Mwanaate hajatazama mpira maishani mwake,
wala hajui golikipa ana mikono mingapi,
lakini miaka kumi na tisa, hapa Gadeni,
aliisoma mechi kwa sikio.
Jiko lake na banda langu vimeachana kwa uchochoro
usiopitisha punda wawili.
Banda likiguna, mwamba wa goli.
Likinyamaa, penalti.
Likipasuka, mabati na koo mia kwa pamoja,
alisema, "Haya, wamepata,"
akazamisha viazi katika rojo.
Filimbi ya mapumziko hakuisikia hata siku moja.
Alisikia mabenchi yakikwaruza sakafu,
na karai la kwanza likatoka motoni.
Ishirini kiingilio, kumi kiazi,
ukwaju bure.

Sasa nina wateja wanne.
Wawili wamelala.

Vijana wako barazani, kila mtu na mechi yake kiganjani.
Shekuwe amechagua kamera ya nyuma ya goli,
Bwanaadi amechagua mtangazaji anayemtukana refa,
na mdogo wao hatazami mpira, atazama magoli tu,
linalofuata, linalofuata,
kama mtu anayedokoa zabibu za biriani akauacha wali.
Na bando zao hazilingani.
Juzi goli moja liliingia mara saba,
barazani, ghorofani, msalani kwa Bwanaadi,
hadi Bi Mwanaate akatoa kichwa:
"Famau! Saba bila? Nani kachinjwa hivyo?"
Moja bila, Bi. Ni lilelile, linafika kwa mafungu.
"Kama mshahara wa kaunti," akasema,
na mafuta yake yakaungua.

Alikuja wakala mmoja, shati lake limenyooka pasi.
Miaka michache tu, mzee, utavaa miwani
ukae uwanjani mwenyewe, kiti cha mbele,
usikie nyasi zikikatika chini ya viatu.
Nikamuuliza: na jirani yangu atakuwa nani?
Akapekua kishikwambi chake, akatabasamu.
"Unachagua. Hata umati unachagulika,
rangi, nyimbo, kiasi cha kelele."

Mimi jirani sikuchagua.
Nilipewa Aboud mwenye kikohozi,
tuliyekuwa hatusemezani tangu kesi ya ukuta.
Katika fainali ile ya matuta
alinikanyaga kidole, akanikumbatia,
akakumbuka, akaniachia,
mpira ukapigwa, akanikumbatia tena.

Lakini nisilipake banda langu asali.
Lilinuka jasho na soksi.
Na binti yake Aboud, Swafiya,
ajuaye mabadiliko ya kocha kabla ya kocha,
hakuwahi kukanyaga mlangoni pangu.
Hakuna aliyemkataza.
Hakuna aliyesogea kwenye benchi.

Mabenchi nimeyauza chuoni. Sita.
Majina yaliyochongwa kwa kisu watoto watayakalia.
Jumamosi nikawasha runinga, nikaketi kwenye kreti la soda.
Uchochoro kimya, vijana na vizibo vyao masikioni.
Mara, dirisha la juu, sauti moja:
"Goooli!"
ikapasuka katikati kama sahani.
Bi Mwanaate akainua uso. "Yule nani?"
Binti wa Aboud.
Akajifuta mikono kwenye kanga, akatoka nje,
akaita kuelekea juu kama anayeomba chumvi:
"Weye! Mapumziko bado?"

Kimya kidogo.
"Dakika nne, Bi! Na kwangu viwili!"

Akalisogeza karai motoni.