Kitufe Kilichoganda

Mwaka wa kwanza nilikuwa na viti sitini,
hema moja lenye kiraka, na sauti yangu.
Sauti ilitosha. Nilisimama getini, Isevya,
nikaita, "Mhoja, jenereta!"
na Mhoja akasikia huko nyuma ya jiko,
na majirani wakasikia, na mbuzi wakageuka.

Simu ilikuwa moja, ya tochi,
saba yake imefutika, unaibonyeza kwa imani.
Oda zililala daftarini, kati ya madoa ya mchuzi:
*Jumamosi, Cheyo, viti mia mbili, vitambaa vya dhahabu.*
Na chini yake, kwa mwandiko wa Nyamizi:
*Jumamosi, Kipalapala, viti mia mbili, vitambaa vya dhahabu.*
Viti ni vilevile.
Wageni wa Kipalapala walikalia kreti za soda,
na shangazi wa bibi harusi akanipa jina
ambalo sitaliandika hapa.

Basi Agosti, tumbaku ilipolipa
na Urambo nzima ikawa inaoa na kuozesha,
nilipanda basi la alfajiri hadi Mwanza
nikarudi na katoni magotini:
redio za mkononi nane, nyeusi, zenye mikia ya panya,
simu janja yenye kalenda inayokataa
kuozesha wawili juu ya kiti kimoja,
na laini ya ofisi inayojibu yenyewe:
kwa mapambo bonyeza moja, kwa chakula bonyeza mbili.
Mzee mmoja wa Sikonge alilalamika,
"Binti yako wa kwenye simu haitikii salamu."

Tulijifunza uani. Msabila alitaka aitwe Simba.
Nikasema wewe ni Viti.
Mhoja, Umeme. Wande, Jiko. Mimi, Kituo.
"Kituo, Kituo, Jiko hapa, wali umeiva, ova."
Tukacheka mpaka betri zikalia.

Harusi ya kwanza, Kiloleni:
bibi harusi anashusha kisigino kutoka garini
na muziki uko pale pale, unakipokea.
Hakuna aliyepiga kelele.
Nilinong'ona kwenye ukosi wa gauni
kama mtu anayesalimiana na kifua chake.

Saa tatu usiku, kitufe cha Jiko kikaganda.

Kwanza mwiko, ukigonga sufuria.
Kisha Wande, akimwambia msichana wa vyombo:
"Wiki ya tatu hii. Mtoto karudishwa kwa sare.
Mama ananunua mikia ya panya.
Nimwulize? Nitamwulizaje?
Zamani alikuja jikoni mwenyewe, akaonja;
nikimwona uso najua leo aulizwe au aachwe.
Siku hizi anasema *ova*."

Redio nane. Msabila, kiti kichwani, akanigeukia.
Mhoja akaisoma ardhi.
MC alikuwa anaita, "Kamati oyee!"
Nilibonyeza. Nilibonyeza tena.
Redio haina adabu ya kukatiza:
mmoja akishika njia,
wengine wote ni masikio.

Nikaivua, nikaiweka karibu na keki,
nikatembea.
Ukumbi ulikuwa mrefu kuliko nilivyoukodi.
Wande aliniona, akaona taa nyekundu kiunoni mwake,
akashika mdomo kwa mkono wenye unga.
Sikujua la kusema. Nikachukua mwiko, nikaonja.
"Chumvi," nikasema.
Akaongeza. Chumvi ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Jumatatu niliuza redio mbili kwa walinzi wa ghala la tumbaku,
nikalipa watu wote, na Wande na sare juu yake.
Hatujalizungumza.
Ila kabla ya kusema lolote, hata salamu,
sasa anaigonga redio kwa kidole, mara mbili,
kuhakikisha.

Fundi wa Gongoni alikitengeneza kitufe kwa elfu tatu.
Kinapanda chenyewe.
Kazi inakwenda, kalenda imejaa hadi Desemba,
na usiku mwingine, katikati ya hotuba za wajomba,
naisogeza redio sikioni, nasikiliza:
hewa tu,
hewa safi, isiyo na mikwaruzo.