Farasi Nane

Daftari lina jalada jekundu, kona zimelowa zikakauka.
Mlinzi Bituro: elfu themanini kila mwezi.
Leseni. Maboya. Rangi ya tumbo, mara mbili kwa mwaka.
Petroli sitaki kuitaja mbele ya watu.
Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari;
yetu ilipotea na habari zake zote,
kwa wino wa bluu, mwandiko wangu mwenyewe.

Safari za mwaka huu: mbili.
Moja tulifika Saanane, tukala mihogo, tukarudi.
Ya pili hatukutoka. Magugu maji yalikuwa yameifunga Luchelele,
kijani hadi unadhani ng'ombe wangeweza kuchungwa juu yake.
Lushinge akakaa kwenye usukani saa nzima, injini imezimwa,
akazungusha kushoto, akazungusha kulia.
Nikamwacha.

Goti lake ndilo lililoanzisha mjadala.
Kutoka gatini hadi ndani ya boti ni hatua moja,
hatua ambayo kwa miaka kumi na minne hakuna aliyeihesabu.
Sasa anashika kamba, ananishika bega,
anamtukana fundi aliyejenga gati.

Kwandu alipiga simu kutoka Dodoma: Uzeni.
Mabula, toka Bukoba: Msiuze, nakuja Desemba.
Desemba ipi, hakusema.
Shemeji yangu, mwenye kichwa cha biashara, akashauri
tuikodishe kwa maharusi, wapigie picha,
tuifunge maua ya plastiki kwenye pua.
Lushinge akatoka nje kutema mate.

Ndipo akaja Rweyongeza, mwenye hoteli inayokaribia kuezekwa,
viatu vyeupe, gatini.
Aliligonga tumbo la boti kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Na huu mchubuko?"
Ni jiwe la Kome, usiku ule tulipoishiwa mafuta
tukalala wanne chini ya turubai moja,
Kwandu ana miaka tisa, anahesabu karabai za wavuvi wa dagaa
mpaka akapotelea kwenye mia tatu.
Nikamjibu, "Wa kawaida tu."

Tulikuwa tumekubaliana milioni kumi na moja, mimi na mume wangu,
kitandani, taa imezimwa, kama watu wanaopanga wizi.
Nikasema kumi na nne.
Nilisema ili akatae.
Akatazama ziwa. Akatazama saa yake.
"Sawa, mama."

Sawa! Neno fupi hivyo.
Juu ya jabali mjusi mwenye kichwa chekundu
alipiga pushapu zake tatu, shahidi wa mkataba.
Lushinge hakunitazama.
Nikaisikia sauti yangu ikisema:
"Ile injini ndogo ya akiba haimo kwenye bei.
Ile ya farasi nane. Hiyo ni ya nyumbani."
"Nyumbani ya nini?"
Sikuwa na jibu. Nikaifungua skrubu mwenyewe,
Bituro akanisaidia kuibeba, taratibu, kama tunahamisha mgonjwa.

Leo wiki ya tatu. Fedha ziko benki, kimya.
Injini imesimama sebuleni, kati ya televisheni na pipa la maji,
inanuka petroli wageni wakinywa chai.
Kila asubuhi Lushinge anaifuta kwa fulana yake kuukuu,
anafungua kifuniko, anachungulia, anafunga.
Jana, bila kuinua kichwa, aliuliza
eti mtumbwi wa watu wawili, mwepesi, ukingo wa chini,
ambao hata mwenye goti bovu anauingia akitokea majini,
maji yamemfika hapa,
unauzwaje Kayenze siku hizi.

Nikamwambia sijui.

Najua. Nimeshaandika,
daftari jipya, ukurasa wa kwanza,
kwa penseli.