Tairi la Nyuma

Isevya, Jumapili, jua la utosini.
Boksa nimeilaza ubavu
kama ng'ombe anayetolewa mwiba.

Fundi alitaka elfu tano. Nikasema mikono ninayo:
vijiko viwili vya pilau vya Kalunde,
povu la sabuni ya mche, goti juu ya rimu.

Tairi likaingia. Nikajaza upepo, nikajisifu.
Ssss.
Tyubu nimeibana mwenyewe, kwa kijiko.

Kalunde hakucheka. Alileta beseni,
tukatafuta mapovu, vichwa vikigusana,
mara ya kwanza tangu ule ugomvi
wa mahari ya mdogo wake.

Saa kumi tairi likakaa: pa!

Kalunde akaokota kijiko kilichopinda,
akakipima kwa jicho moja.
“Hiki sasa chako. Utakula nacho.”