Baruti ya Pole

Chumba cha uani, Shela ya Malindi.
Mjomba Shekuwe hakuruhusu taa humo,
hata kibatari. Alipimia kwa mwanga wa dirisha,
kwa mizani ya sonara aliyoachiwa na mkwewe.

Mikebe miwili; mmoja una alama ya chokaa.
"Hii ya kasi ni kofi," alisema.
"Risasi haijajua iendako,
chuma kishabeba uchungu wote.
Hii ya pole husukuma,
huisindikiza risasi hadi mdomo wa mtutu,
kama mwenyeji asiyemwachia mgeni mlangoni."

Nikamuuliza: bastola, fupi vile, ina safari gani?

Akacheka puani.
"Ndiyo maana moto mwingine humalizikia nje,
unawakia hewa. Hasara hiyo naijua.
Nimeikubali."

Kidole chake cha shahada kiliishia kwenye pingili.
Hakusema ni mkebe upi.

Siku hizi hakuna wawindaji,
leseni imeliwa na mchwa,
na mjomba tumemzika.
Bi Mwanashee anauza zafarani
kwa mizani ile ile.
Kila mteja, kabla ya kupima,
huinamia kile kisahani cha shaba
akakipuliza,
akakipuliza tena.